Neno Lenye Ulimi

Umeme ulikatika saa mbili, ukurasa wa tatu haujaisha.
Nikawasha koroboi.
Kitabu cha mgeni kilikuwa kinapanda mlima wetu usiku
kwa viatu vizuri,
na ujira wangu ulihesabiwa kwa ukurasa.
Nikakwama penye neno moja: lambent.
Mwanga juu ya Nyiragongo, anasema, ulikuwa lambent.

Kamusi ilinipa kung'aa.
Kung'aa ni kwa sufuria iliyosuguliwa kwa majivu,
ni kwa upara wa mkubwa wa mtaa siku ya mkutano.
Ikanipa kumeremeta. Hilo mwachieni bibi harusi
na sambaza mbichi kwenye beseni sokoni Virunga.
Kuwaka? Kuwaka ni moto uliokwisha kukata shauri.
Mwanga huu haujaamua.

Nikafungua kamusi nyingine, ya marehemu Bauma,
aliyefunzwa Kilatini seminarini akafukuzwa kwa kucheka.
Jalada limeungua pembe moja; alikimbia nayo kwapani
ile mara ya kwanza mlima uliposhuka mjini.
Pembeni, kwa penseli, mwandiko wake wa sisimizi:
lambere, kulamba.

Nikasoma tena. Nikasogeza taa.
Lambere. Kulamba.
Roma na Goma, nani alimwazima mwenzake ulimi?
Hakuna. Najua. Hawa si wa tumbo moja,
ni watu wawili wasiojuana, mashati ya kitambaa kimoja,
wamekutana Birere, wametazamana, wamecheka,
kila mtu akashika njia yake.
Lakini mimi nilishacheka nao.

Basi neno ndilo hili: mwanga upitao juu ya kitu
kama ulimi wa ng'ombe juu ya ndama aliyezaliwa sasa hivi,
unakausha, hauumi.
Kama Asifiwe wa jirani na mwiko wa uji.
Kama mbuzi alambaye ukuta wetu wa mawe meusi
akitafuta chumvi ndani ya moto uliopoa.
Na sisi tulikuwa nalo siku zote:
ndimi za moto, twasema, tukiwahi mengine,
bila kuuliza kinywa ni cha nani.

Nikaandika, mkono ukitetemeka kwa furaha:
Mwanga uliyalamba mawingu taratibu.
Nikamsomea mama.

Mama Kahambu alikuwa akichambua maharagwe gizani, kwa vidole tu.
Hakuinua kichwa.
"Ulilamba?"
"Ndiyo, mama. Ndiyo asili yake. Bila kuunguza."
Maharagwe matatu, manne, yakalia kwenye sinia.
"Ule mwezi wa tano, pale Buhene," akasema,
"nyumba, choo, migomba, cherehani niliyokuwa bado nailipia.
Uliniachia ufunguo. Ninao.
Weye andika kulamba. Lakini ujue
hakuna alambaye asichotaka kula."

Nilitaka kumuuliza: na ng'ombe je?
Swali likabaki juu ya ulimi.

Baadaye tulitoka kumwaga maganda.
Kaskazini, juu ya mabati ya Majengo,
mawingu yalikuwa mekundu kwa chini, kama ufizi,
yakififia, yakirudi.
Mama akatazama kitambo, mkono kiunoni.
"Ni kuzuri," akasema,
kwa sauti ya mtu anayemsifu mtoto wa adui yake,
kisha akaingia, akafunga mlango kwa komeo mbili.

Kitabu cha mgeni hakina mahali pa kuweka ufunguo.
Sikulifuta neno. Niliongeza moja tu
ambalo yeye hakuliandika,
wala sikudai pesa juu yake:

Mwanga uliyalamba mawingu taratibu,
ukiyaonja.